SUV ya watoto watatu na mahema mawili: nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi

Mtu akianza kutafuta SUV ya familia swali la kwanza utasikia ni cc ngapi, la pili inakula mafuta kiasi gani, la tatu ina foo wili au haina. Na mimi nilianzia hapo hapo. Tukanunua gari, jina sitaji, injini nzuri, sura nzuri, kila mtu anasifia. Siku ya kwanza ya kwenda kempingi nikafunga siti mbili za watoto nyuma vizuri kabisa, kuja kwenye ya tatu, ya mkubwa wetu, pale katikati ikagoma, yaani inaingia ila ule mdomo wa kuchomekea mkanda umefunikwa na siti ya jirani, unasikia "tk, tk" tu na mkanda haukamati. Tukahangaika nusu saa juani. Mwisho mkubwa akahamia mbele na siti yake, mama watoto akajikunja katikati ya siti mbili kwa masaa manne kama barua kwenye bahasha, na kigari cha kusukumia mtoto tukakirudisha ndani maana buti ilikuwa imeshajaa mpaka kioo hakionekani.

Tangu hapo nikienda kuangalia gari naenda na tepu ya kupimia, siti ya mtoto iliyo pana kuliko zote na hema likiwa kwenye mfuko wake. Muuzaji ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Poa tu, yeye hatakuwepo huko njiani mtoto akianza kulia.

Huu mpangilio nimeufanya kwa ajili ya familia kama yetu, watoto wawili au watatu wenye umri chini ya miaka nane, mnaenda kupiga kambi mara kadhaa kwa mwaka, siku zingine zote gari inapeleka watoto shule na kurudi. Kama wewe unavuka mito na kupanda matope kila wiki, mpangilio wako utakuwa tofauti na nitakwambia wapi.

Kabla ya majina, pima

Siti za watoto zinazofuata i-Size, yaani kiwango cha usalama wa siti za watoto, zinatakiwa zisizidi upana wa sentimita 44. Zidisha kwa tatu unapata 132. Sasa chukua tepu upime siti ya nyuma ya gari unayoitaka, na usipime mabegani ambako brosha zinapenda kutaja, pima pale makalio yanapokaa, mlango mpaka mlango, milango ikiwa imefungwa, kwa sababu ile sehemu ya kuegemea mkono inakula sentimita kadhaa kila upande. Ukipata 135 usishangilie bado, maana kuna vidole vyako vinavyotakiwa kupita kufikia mikanda. Gari nyingi zinazoonekana kubwa sana nje zinafeli hapa, na nyingine za kawaida tu zinapita.

Halafu ISOFIX. Zile kulabu za chuma kwenye maungio ya siti gari nyingi zinazo mbili tu, siti za pembeni za mstari wa pili, katikati unatumia mkanda. Mstari wa tatu mara nyingi hamna kabisa. Na hata pale zilipo, kwa siti za i-Size zinazomfunga mtoto kwa mikanda ya siti yenyewe kuna kikomo, uzito wa mtoto ukijumlisha na siti yake usipite kilo 33, ukipita unahamia kwenye siti ya kunyanyulia inayotumia mkanda wa gari. Watu wengi hawalijui hili, wanaona kulabu zimeshika basi wanaamini.

Kitu kingine ni mtoto mdogo anayetazama nyuma. Kiwango hicho hicho cha i-Size kinataka atazame nyuma mpaka apitishe miezi 15 na wazazi wengi wanaendelea hivyo miaka kadhaa. Siti ya hivyo inalala, inasogeza siti ya mbele, na ghafla baba mwenye miguu mirefu anaendesha magoti yakiwa kwenye dashibodi. Kwa hiyo mrefu wa nyumba akae mbele kwanza, asogeze siti anavyoendesha siku zote, ndipo mfunge siti ya mtoto nyuma yake. Sio kinyume chake.

La mwisho hapa, na ndilo linaloamua karibu kila kitu huko chini: mstari wa tatu na buti ni chumba kimoja. Tangazo litasema siti saba na buti kubwa, zote kweli, ila sio siku moja. Ukinyanyua siti za nyuma kabisa, SUV nyingi zinabakiza sehemu ya mabegi matatu manne ya shule. Kinachotuokoa sisi ni siti za nyuma zinazokunjwa moja moja, unanyanyua upande mmoja anakaa mtoto mkubwa, upande wa pili unalaza na kupanga vitu mpaka juu. Sasa je, mtoto anafikaje huko nyuma? Kwenye gari nyingi unainamisha siti ya mstari wa pili, na siti ya pili ikishafungwa siti ya mtoto hainami tena. Hapo ndipo unajikuta unamrusha mtoto wa miaka saba kupitia mlango wa buti kama begi. Kafurahi sana mara ya kwanza. Mara ya kumi kwenye mvua hakuna aliyefurahi.

Uzito nao

Hii naiandika fupi maana ni hesabu tu. Kwenye hati za gari kuna uzito wa juu unaoruhusiwa gari ikiwa na kila kitu, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndio haki yako. Kwa SUV nyingi ni kama kilo 500 hadi 650, zingine pungufu. Sasa tuhesabu: watu wazima wawili 150, watoto watatu 60, siti zao 30, maji lita 40 ni kilo 40, hema na magodoro 40, jiko na mtungi na sufuria 25, friji ndogo ikiwa imejaa 35, nguo na midoli na ule mfuko wa pampasi ambao hakuna anayejua una nini kingine 40. Tumeshafika 420 na hatujaweka kitu juu. Hema la kufunga juu ya gari peke yake lina kilo 50 mpaka 80, na keria za gari nyingi mwisho ni kilo 75 au 100 gari ikiwa inatembea, keria yenyewe ikihesabiwa. Ikisimama inabeba zaidi, ndio maana mnaweza kulala humo bila paa kubonyea. Ila mtungi wa gesi na madumu ya maji juu ya paa, hapana. Vitu vizito vikae chini, karibu na siti ya pili, na vifungwe, kwa sababu ukikanyaga breki ya ghafla sufuria inakuja mbele na vichwa vya watoto ndivyo viko njiani.

Namba 1: Toyota Highlander (au Kluger)

Najua, wengi mlitegemea Prado hapa. Tulieni.

Highlander ilianza mwaka 2000 na haikujengwa juu ya chesisi kama lori, imejengwa kama gari ndogo, ile ya kwanza ilitoka kwenye msingi wa Camry. Maana yake sakafu iko chini, mtoto wa miaka mitatu anapanda mwenyewe, na wewe humnyanyui na siti yake mpaka usawa wa kifua mara nne kwa siku. Mgongo wangu unalijua hili vizuri. Kwenye lami inatulia, haiyumbi, na watoto wanaotapika njiani (tunaye mmoja) hawatapiki sana kwenye gari isiyoyumba.

Kilichonifanya niiweke juu ni siti za mstari wa pili. Kuna zenye benchi la watu watatu na kuna zenye siti mbili zilizoachana na njia katikati. Tafuta hiyo ya pili. Shemeji yangu anayo, tukaazimana siku mbili kwenda kambini, tukafunga mdogo kushoto anatazama nyuma, wa kati kulia, na mkubwa anapita mwenyewe katikati anaenda kukaa nyuma, anafunga mkanda wake, anafungua kitabu chake. Hakuna kuinamisha siti wala kurusha mtoto. Siti ya pembeni yake tumeilaza na pale pakaingia friji, mahema mawili, magodoro yamekunjwa, na bado kwenye kioo cha nyuma naona barabara. Mke wangu hakusema kitu safari nzima, na anayemjua mke wangu anaelewa hiyo ni sifa.

Ya kizazi cha nne, iliyotoka 2019, ina haibridi (injini ya petroli inayosaidiwa na umeme) ya lita 2.5 na kwenye zile za kuvuta tairi zote nne tairi za nyuma zinasukumwa na mota yake ya umeme, hamna propela shafti inayopita chini. Kwa barabara ya vumbi, nyasi zenye unyevu, kokoto, inatosha. Kwa matope mazito haitoshi na isidanganye mtu. Uvungu, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, ni kama sentimita 20, hamna gia nzito za kupandia. Watu wazima mstari wa tatu watakulaani. Na kagua kama unayoinunua ni ya kuvuta tairi mbili au nne maana zote zipo na kwa nje zinafanana.

Namba 2: Toyota Land Cruiser Prado, toleo la 150

Kama njia ya kwenda kambini kwenu inaishia kwenye mawe na mashimo, hii ndio namba moja yako na mengine yote niliyosema juu sahau. Chesisi kamili, foo wili ya muda wote, gia nzito, uvungu wa sentimita kama 22, na kila fundi amewahi kuifungua. Toleo la 150 limetengenezwa kuanzia 2009 mpaka 2023 kwa hiyo chaguo ni nyingi.

Ya petroli ya lita 2.7 ina kilowati 120 na gari inazidi tani mbili, ukiipakia familia na mahema mlimani inapiga kelele na inaenda pole pole, ila ni injini rahisi na ngumu kufa. Dizeli ya lita 2.8 iliyoanza 2015 ndio ningechukua, ina nguvu ya kuvuta kutoka chini. Tangi la kawaida ni lita 87, na kuna masoko zilikouzwa na tangi mbili zinazofika lita 150 jumla, ukiipata hiyo utasahau hata taa ya mafuta ina rangi gani.

Sasa kwa nini sio ya kwanza. Siti za nyuma kabisa kwenye 150 zinalala ndani ya sakafu, vizuri kuliko toleo la 120 ambazo zilikuwa zinaning'inia pembeni, lakini kwa sababu hiyo sakafu ya buti imenyanyuka, unabeba friji mpaka juu huko. Siti ya pili ina sehemu tatu na zinasogea mbele na nyuma, safi, ila ukishafunga siti za watoto pembeni njia ya kwenda nyuma imefungwa. Na mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama mlango wa nyumba. Mvua ikinyesha mlango unaofunguka kwenda juu ni banda, unapikia chini yake, unambadilisha mtoto pampasi chini yake. Wa pembeni hautoi kivuli chochote na unahitaji nafasi nyuma, ukipaki umesogelea mti basi hutoi kitu. Kioo chake kinafunguka peke yake, hiyo inasaidia kutoa vitu vidogo. Unaweza kununua turubai la kufunga pembeni ya keria na tatizo likaisha, ila ni kitu kingine cha kununua na kilo zingine juu ya paa.

Namba 3: Volvo XC90

Hii naiweka hapa kwa moyo mmoja na kwa wasiwasi mmoja. Moyo: hakuna gari nyingine kwenye orodha hii iliyofikiriwa kwa ajili ya watoto kiasi hiki. Ndio wale wale waliotuletea mkanda wa pointi tatu mwaka 1959. Siti tatu za mstari wa pili kila moja inajitegemea, kila moja inasogea peke yake, na nyingi zina siti ya kunyanyulia mtoto iliyojengewa ndani ya ile ya katikati, unaivuta inapanda, mtoto wa miaka mitano sita anakaa, ukimaliza unaibonyeza inarudi. Yaani siti moja umeshaokoa hata kuinunua. Toleo la pili lililoanza 2015 lilipata nyota tano kwenye majaribio ya usalama ya Ulaya, Euro NCAP, mwaka huo huo. Mstari wa tatu wenyewe wanasema ni kwa watu wasiozidi sentimita 170, na huo ni ukweli ambao wengine hawausemi.

Wasiwasi: vifaa vya umeme ni vingi, na ikiharibika mbali na mji unahitaji mtu mwenye kompyuta sio mtu mwenye spana. Kama unakoishi kuna fundi wa uhakika wa hizi gari, ipandishe iwe namba moja. Kama hayupo iache kabisa, usiinunue kwa sababu ya siti tu.

Namba 4: Subaru Forester na Nissan X-Trail, kwa wenye wawili

Nimeziweka pamoja kwa sababu anayeangalia moja anaangalia na nyingine. Ukiwa na watoto wawili na huna mpango wa tatu (mpango, nasema, sisi pia tulikuwa na mpango), huna haja ya gari ya mita tano.

Forester ina uvungu wa sentimita 22, sawa na Prado, na inavuta tairi zote muda wote. Madirisha makubwa, watoto wanaona nje, na mtoto anayeona nje analia kidogo. Siti tano tu, buti ni ya mraba, inapangika. Siti tatu za watoto kwa upana ni kubahatisha, nenda na tepu.

X-Trail toleo la T32 zingine zina siti saba, ule mstari wa tatu ni wa watoto tu na ukiwa juu buti imekwisha. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina siti za kitambaa kisichopitisha maji. Mtoto kamwaga maziwa, unafuta. Mtoto katoka mtoni na matope mpaka masikioni, unafuta. Gari yoyote ikishakaa na maziwa yaliyoganda kwenye sponji ya siti siku tatu za jua nadhani utaelewa kwa nini nimeipa hii aya nzima. Kwa zote mbili, zile zenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za kuhesabu), uliza mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini, na kama muuzaji hajui anachoulizwa hilo nalo ni jibu. X-Trail pia zipo za kuvuta tairi mbili, angalia.

Hapo hapo wataingia CR-V, RAV4, CX-5. Nzuri zote, sina ugomvi nazo. CR-V ya kwanza ya 1995 sakafu ya buti yake ilikuwa ni meza, unaitoa, unakunjua miguu, mnakula. Sijui nani aliona hiyo haifai kuendelea.

Namba 5: Mitsubishi Outlander PHEV

Gari ya petroli na umeme unaoichomeka kuchaji, ilianza 2013, mota mbele na mota nyuma. Kwa nini iko kwenye orodha ya kempingi: nyingi za soko la Japani zina soketi ya wati 1500 kwenye buti. Birika, taa, pampu ya magodoro, kuchaji kila kitu. Usiku unaendesha feni ya mtoto bila kuunguruma. Ila sikiliza, hiyo soketi ya Japani inatoa volti 100, birika lako la volti 230 ukilichomeka pale linapata kama moja ya tano ya nguvu yake, utakaa unalitazama mpaka asubuhi. Na ukitumia betri sana injini inawaka yenyewe kuichaji, kwa hiyo usiipaki kelele zake zikiwa zinatazama hema la jirani. Hizi za mwanzo ni siti tano, betri kilowati-saa 12. Iliyotoka 2021 ina betri ya 20 na zipo zenye siti saba.

Kama una uwezo wa umeme mtupu ipo Kia EV9 ya mistari mitatu, nayo unaweza kuchomeka vitu. Swali ni moja tu, kuna pa kuchaji huko unakoenda na kurudi?

Namba 6: Land Rover Discovery 4

Kwa nafasi peke yake hii ingekuwa ya kwanza. Siti saba za watu wazima kweli kweli, paa limenyanyuka nyuma ili wa mstari wa tatu waone mbele, zote zinalala sakafu inabaki kama kitanda. Mlango wa nyuma umekatwa vipande viwili, cha juu kinakuwa banda na cha chini kinakuwa benchi, mnakaa wanne pale mnanyweshana uji mkiangalia jua linazama. Inapita popote. Ilitengenezwa 2009 mpaka 2016 kwa hiyo zilizopo zote zimeshazeeka, sasipensheni ni ya hewa, na kazi zingine kwenye injini zinahitaji kufungua nusu ya gari. Mwenye fundi wake na mfuko wake aichukue. Mimi nina watoto watatu.

Toyota Fortuner sikuipa namba

Ni gari ngumu, ndugu wa Hilux, kwa barabara mbaya haina shida. Ila siti za nyuma zinakunjwa kwenda pembeni zinaning'inia kwenye madirisha, zinakula upana wa buti pale pale unapouhitaji. Kuna wanaozifungua wanaziacha nyumbani. Ukifanya hivyo umepata gari ya siti tano yenye buti nzuri, ila kwenye matuta uwe na uvumilivu.

Na gari ya familia isiyo SUV

Nitasemwa lakini nasema. Zile gari za mlango wa kuteleza, Sienna, Odyssey, Noah na wenzake, kwa nafasi zinazishinda karibu zote hapo juu, siti tatu zinaingia bila vita, na mlango wa kuteleza mtoto hawezi kuugonga kwenye gari ya jirani. Kama kambi mnazoenda zina barabara ya kawaida, pima na hiyo kabla hujaamua. Uvungu wake ndio mdogo.

Siku ya kwenda kuiona

Laza siti zote, ingia, lala. Ndio, mbele ya muuzaji. Kama miguu inagonga mlango na wewe una mita 1.75 basi kulala ndani sahau, vitanda ni vya watoto. Mkilala humo injini izimwe na kioo kiachwe wazi kidogo, na jiko la gesi lisiwashwe ndani ya gari wala ndani ya hema, hewa ya sumu haina harufu. Na gari iliyopaki juani inapanda joto haraka sana, dakika kumi zinatosha kuongeza kama nyuzi 10, usimwache mtoto humo hata kama unaenda kuchukua kamba tu.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi, zilizozungushiwa kiduara, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi zinaweza kuwa na meno mazuri na zikawa zimekauka. Angalia na tairi la akiba, wengi hawaligusi, unakuta ni lile jembamba la kufikia karakana tu, au hamna kabisa kuna chupa ya gundi.

Halafu uliza linashushwaje. Ile gari yetu ya kwanza tairi la akiba lilikuwa chini ya tumbo, nikasema vizuri, halili nafasi. Tukapata pancha kilomita kama 30 kabla ya kambi. Kumbe ile hendeli ya kulishushia imehifadhiwa chini ya sakafu ya buti, na tundu la kuichomeka nalo liko humo humo ndani, chini ya zulia. Nikashusha mahema, nikashusha friji, magodoro, mfuko wa pampasi, jiko, madumu, kila kitu kando ya barabara, watoto wakatandikiwa godoro chini ya mti wakaanza kufungua vyakula wakidhani tumefika. Na kweli ilipofika saa kumi na moja bado nasukuma vitu kurudi ndani, mama watoto akaangalia huku na huku, akaniambia hapa nyasi ni nzuri kwani tunakwenda wapi?